Tulimlilia Kukhu kwa Fimbo za Mahindi

Nilipoombwa kuandika muziki wa okestra kuhusu nyumbani nilikolelewa, nilikubali upesi kama mtu anayekubali kikombe cha chai. Walioniomba walikuwa watu wema wa mjini. Walitaka fidla nyingi, walitaka filimbi, na mmoja wao akaniambia angependa sana kusikia mto, ndege na mlima. "Utoto wa shambani ulikuwa raha tupu, si ndiyo?" akasema. Nikacheka naye. Kisha nikaketi mbele ya karatasi tupu nikafumba macho nisikilize utoto wangu, na ndege hakulia hata mmoja. Nilichosikia ni kipande cha reli kikigongwa alfajiri kuwaita watu kazini, na miguu ya watu wazima ikikimbia kwenye umande.

Basi nikafunga safari hadi Kitale, na kutoka Kitale nikapanda kuelekea Endebess, kulitafuta lile shamba la mzungu nilikozaliwa. Nililitafuta nikiwa ndani yake. Lilikuwa limegawanywa vipande vipande, kila kipande na nyumba yake ya mabati na ng'ombe wake wawili watatu. Kijana mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama kunisikiliza, akaegemea jembe. "Ati hapa kulikuwa na mzungu?" akauliza. "Mimi najua tu hapa ni kwetu." Nilimwonea wivu kwa jibu hilo. Sisi tulizaliwa pale, tukaota meno pale, na hakuna siku hata moja tuliyosema pale ni kwetu.

Keti basi, rafiki yangu, nikusimulie.

Baba alitoka Kabuchai, kule Bungoma, akiwa kijana, kabla hata hajamwoa Mama. Alikuwa na ng'ombe na hakuwa na malisho. Aliambiwa kwamba huko juu, chini ya mlima, wazungu wana ardhi isiyo na mwisho, na ukimfanyia mmoja wao kazi atakupa mahali pa kujenga, pa kulima na pa kulisha. Alikwenda. Alipewa kweli. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi, akavishwa kipande, kile cheti cha kazi, shingoni ndani ya kikebe cha bati, na tangu siku hiyo hakuweza kwenda hata kumzika mtu bila ruhusa ya bwana. Tuliitwa maskwota. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni jina la kabila letu.

Usifikiri tulilia kutwa. Kulikuwa na uji wa wimbi wa moto asubuhi, wakati ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi huoni zizi. Kulikuwa na mrenda uliopikwa kwa maji ya majivu ya maganda ya maharage, unaoteleza kooni wenyewe kabla hujaamua kumeza. Kulikuwa na mahindi mabichi ya kuchoma, ambayo tuliyala tukiwa tumegeuzia njia migongo, kwa sababu mengine yalikuwa yetu na mengine hayakuwa. Lakini shamba zima lilizungushiwa ua wa kayaba, ule mti wenye miiba mirefu kama sindano za magunia, na sisi watoto tulijua kila tundu kwenye ua ule lililoweza kupitisha kuku na lisiloweza kupitisha mtoto.

Nyanyangu mzaa baba tulimwita Kukhu, kama watu wa Bungoma wanavyowaita nyanya zao. Baba alimleta shambani alipobaki mjane, ili asikae peke yake Kabuchai. Alikuja kwa ziara ya msimu mmoja. Msimu ule ukazaa mwingine, karantini ya ng'ombe ikaingia, kisha sheria za kutembea zikakazwa, na Kukhu akazeekea pale pale alipokuja kutembea. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na kila jioni alikaa upande wa nyumba uliotazama bondeni, upande wa kwao. "Mtu akifungwa miguu," alipenda kusema, "masikio yake hutembea." Alinifundisha kusikiliza. Aliniuliza mvua iko wapi, gari la ng'ombe limebeba nini, nani anapita njiani na ana hasira au hana. Nilijibu kwa masikio tu, yeye akinifumba macho kwa viganja vyake vilivyonuka moshi.

Ni yeye aliyekuwa nami mara ya kwanza niliposikia okestra. Jumapili mchana, bwana alitoa gramafoni barazani na kuifungulia. Sisi tulilala kifudifudi nje ya ua wa bustani. Fidla zilipoanza, zote kwa pamoja, nywele za shingo yangu zilisimama. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hawa watu aliowafungia ndani ya sanduku ni wangapi? Na wao wana vipande?" Watoto wote wakacheka. Yeye hakucheka.

Na sisi tulikuwa na muziki wetu. Baba alipiga litungu, kile kinubi cha nyuzi saba cha watu wa kwetu, na wanaume wa mashamba ya jirani walikuja kumsikiliza. Lakini ulifika wakati serikali ikawaogopa watu wa Bungoma. Ilisemekana kuna waliokuwa wakikusanyika na kuimba, na kwamba kuimba kwao si kuimba tu. Ikawa hakuna kukutana. Shambani kwetu bwana alifupisha mambo zaidi: hakuna ngoma, hakuna litungu, hakuna nyimbo, siku yoyote, kwa sababu yoyote. Baba alilegeza nyuzi za litungu lake na kulitundika juu ya moto. Lilikauka pale, likawa jeusi. Jioni zikawa ndefu. Watu walikula, wakafunika moto, wakalala.

Kukhu alianza kuugua msimu wa mavuno. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na asubuhi moja alimwita Baba akamwambia, bila kulia wala kulalamika, "Nipeleke nyumbani. Nataka nilale karibu na baba yako." Baba alisugua kikebe cha kipande chake kwa kiganja, akavaa shati lake la kanisani, akaenda kwa bwana. Mimi nilimfuata kwa nyuma kama mkia.

Bwana alikuwa akikagua magurudumu ya gari. Alisikiliza akiwa amempa Baba mgongo.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha amri. "Mahindi kwanza. Mahindi nakwisha, wewe nakwenda."

"Bwana, mama yangu hatangoja mahindi."

"Yeye nalala tu. Nalala hapa, nalala huko, maneno moja."

Baba alisimama pale kwa muda mrefu, akiishika kofia yake kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu mzima aliyesimama vile. Hakuomba tena. Tuliporudi, hakuniangalia, na mimi nilijua nisimwangalie.

Mama ndiye aliyekataa. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Aliongea na mwenye gari la ng'ombe, mzee wa Kimilili aliyepeleka magunia stesheni ya Kitale kila wiki, naye akakubali. Kule Matisi, karibu na Kitale, mzee huyo alikuwa na dada yake ambaye angempokea Kukhu, amtafutie watu wa kumshusha polepole hadi Kabuchai. Walimlaza katikati ya magunia ya mahindi, wakamwachia nafasi ya kupumua, wakamfunika kwa turubai. Kukhu alinishika sikio kabla hawajamfunika. Alilivuta tu, kama alivyofanya nilipokosea kutaja mvua iko wapi.

Nilikimbia kando ya gari hadi karibu na lango. Nyapara alikuwa pale, mwanamume mrefu wa kabila la Wateso, mwenye koti la jeshi, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alilitazama gari, akaanza kuondoa boriti ya lango. Njia nyeupe ya kwenda Kitale ikafunguka mbele yetu. Magurudumu yakapanda kwenye changarawe, na mlio wake ukabadilika.

Kukhu aliusikia mlio ule. Masikio yake, rafiki yangu, masikio yale yale aliyonifundishia. Alijua ametoka. Na chini ya turubai akaanza kuimba.

Haukuwa wimbo mkubwa. Ulikuwa ule wa wanawake wanaporudi kutoka mtoni, na sauti yake nzito ilitoka katikati ya magunia kana kwamba mahindi yenyewe yanaimba. Mwenye gari alifumba macho. Nyapara aliduwaa, mkono juu ya boriti. Labda nyapara angenyamaza, nimeliwaza jambo hilo maisha yangu yote na nadhani angenyamaza. Lakini bwana alikuwa akija juu ya farasi wake, kutoka upande wa mto, na yeye pia alikuwa na masikio.

Mwenye gari alifukuzwa siku ile ile, akaambiwa jua lisimzamie shambani. Kwa hiyo yeye akaenda nyumbani. Na Kukhu, ambaye hakuwa ameandikwa kazi na mtu yeyote, alirudishwa.

Baada ya hapo hakuomba tena. Mama alimuosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza. Kukhu alikuwa akinitazama nikiingia na kutoka, na mara moja tu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto, "Njia ile ina changarawe nzuri." Alikufa asubuhi, wakati wa kukamua. Niliusikia ukimya wake kabla sijamwona.

Nyapara alipeleka habari kwa bwana, akarudi na jibu. Tumzike ng'ambo ya josho la ng'ombe, wanaume wanne wanatosha kuchimba, hakuna kukusanyika, hakuna kupiga kelele. Wanawake warudi mahindini mchana. Alitoa jibu lile akiangalia chini, kwa Kiswahili kizuri kuliko alichopewa, kama mtu anayepangusa kitu kichafu kabla ya kukukabidhi.

Aliyekulia kwetu anajua maana yake. Mwanamke wa umri ule hazikwi kimya. Analiliwa. Anaitwa kwa majina yake yote, wanaitwa waliomzaa, zinasimuliwa safari zake, na kila akitajwa kundi zima linaitikia. Asipoitwa hivyo anaondoka vipi? Kukhu alishushwa ardhini na wanaume wanne wasiosema, jua likiwa halijapanda vizuri. Baba alirusha udongo wa kwanza. Kisha akarudishwa kwenye kazi yake ya josho, akasimama hadi magotini kwenye maji ya dawa, akiwasukuma ng'ombe wa mtu mwingine, mita chache kutoka kwa mama yake.

Mchana wanawake walikwenda kupura. Mashine ya kupura ilikodishwa ikizunguka kutoka shamba hadi shamba, na mwaka ule ilichelewa, kwa hiyo mahindi makavu yalimwagwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na wanawake wakayapiga kwa fimbo mpaka punje ziachane na magunzi. Sisi watoto tuliokota punje zilizoruka. Siku nyingine walipiga ovyo, kila mmoja na lake, wakipiga na umbea.

Siku ile Mama alipiga mara moja, akangoja.

Wanawake wote wakapiga pamoja.

Mama akapiga tena, mapigo mafupi mafupi, kama maneno. Akangoja. Wakaitikia. Niliinua kichwa. Mikono yangu ilikuwa imejaa punje, nikaziacha zikamwagika. Nilikuwa nimeusikia mwendo ule kabla ya marufuku, mtoto wa jirani alipofariki. Mwendo ule ulikuwa kilio. Walikuwa wakimwimbia Kukhu, kila neno mahali pake, ila hakukuwa na maneno. Midomo ilikuwa imefungwa kabisa. Fimbo ya Mama iliita, fimbo za wengine ziliitikia, na vumbi la mahindi lilipanda juu yao kama moshi. Machozi yaliwatoka wote. Lakini nani angewauliza? Vumbi la kupura humtoa kila mtu machozi.

Nyapara alikuja. Alisimama ukingoni mwa uwanja, na niliona uso wake ukielewa.

"Mnafanya nini?" akauliza taratibu.

"Tunapura," Mama akasema. Hakusimamisha fimbo.

Nyapara alivua kofia. Alikaa nayo hivyo mkononi, juani, akisikiliza wafu wa watu wengine wakiitwa.

Ndipo bwana akatoka nyumbani kuona ni nini. Alitembea hadi uwanjani, akatazama fimbo zikipanda na kushuka kwa pamoja, akatazama rundo la punje lililokua maradufu ya siku nyingine. Na akafurahi. Naapa kwako, alifurahi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana. Kesho fanya kazi kama hii."

Akaagiza wanawake wapewe chumvi zaidi ya posho yao. Waliipokea. Hatukuila, Mama aliimwaga nyuma ya nyumba, na kwa siku kadhaa ng'ombe walikuja kulamba pale.

Msimu uliofuata mjomba wangu, kaka yake Mama, alifaulu kunipatia nafasi katika shule ya misheni karibu na Bungoma. Mtoto wa kike asiyeandikwa kazi angeweza kuruhusiwa, na bwana siku hiyo alikuwa na moyo mwepesi. Nilipita lango lile kwa miguu yangu, mchana kweupe, na nilitembea hatua nyingi kabla sijathubutu kupumua. Shuleni kulikuwa na mwalimu wa kike aliyekuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Alinikuta nikikigonga ubao wake kwa vidole badala ya kubonyeza. Hakunigombeza. "Huo mpigo umeutoa wapi?" akauliza. Nilikaa shuleni kwa miaka, nikasoma noti, nikafundisha, nikavuka bahari kwenda kusoma zaidi, na swali lile sikuwahi kulijibu. Hata nilipokuwa huru kwenda popote, nilichagua viti vya karibu na mlango. Baba na Mama walibaki kule mpaka bwana mwenyewe alipofunga masanduku yake, nchi ilipobadilika. Baba alirudi Kabuchai na ng'ombe mmoja.

Kwa hiyo niliporudi kutoka Endebess na ile karatasi tupu, niliandika jibu. Niliandika ukungu, nikaandika reli, nikaandika mlio wa changarawe. Na katikati nikaandika uwanja wa kupuria. Niliwataka wapiga fidla wageuze pinde zao, wapige nyuzi kwa mti wa upinde, si kwa nywele zake. Walinung'unika kwamba nitawaharibia pinde. Mwongozaji wa okestra, mtu hodari na mpole, alisimamisha mazoezi akanigeukia.

"Hapa naona pachangamke zaidi," akasema. "Ni mavuno, sivyo?"

"Ni mazishi," nikasema.

Walipiga tena, na safari hii hakuna aliyeuliza kuhusu upinde.

Siku ya onyesho nilimleta Mama kutoka Kabuchai. Alikuwa mzee, macho yamefifia, amevaa gauni lake la kanisani na sweta juu yake. Nilimketisha mbele. Sikumwambia atasikia nini, niliogopa. Ukungu ulipita, reli ikapita, yeye akiwa ametulia na mkoba mapajani. Kisha fidla ya kwanza ikagonga peke yake, ikangoja, na zote zikaitikia.

Mama aliweka mkoba chini. Zilipogonga tena alifungua kinywa na kuimba. Si kwa kunong'ona. Aliimba kwa sauti yote aliyokuwa nayo, yale maneno yaliyokuwa yamefungiwa mdomoni mwake tangu siku ile, na ukumbi mzima ukageuza vichwa. Kijana wa mlangoni aliyekuwa akiwaketisha wageni alikuja mbio kwa vidole vya miguu, akainama. "Mama, tafadhali. Hapa tunasikiliza tu." Mama alimpapasa shavu kama mjukuu, akaendelea. Mwongozaji hakugeuka. Aliwaongoza wachezaji wake polepole zaidi, ili wamngoje mwanamke yule anapovuta pumzi.

Aliimba safari ya Kukhu kutoka kwa baba yake hadi kwa mumewe. Aliimba gari la ng'ombe. Na kila mara alimwita kwa jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

"Mama," nilimwuliza tulipokuwa tukitoka, nimemshika mkono kwenye ngazi, "Naliaka ni nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina la mlima. "Si ni Kukhu wako. Alizaliwa wakati wa kupalilia. Kwani ulidhani alizaliwa akiitwa Kukhu?"

Mama naye sasa ametutoka. Josho limefukiwa, kayaba imeng'olewa ikawa kuni, na juu ya kaburi lile, popote lilipo, yule kijana mwenye jembe hupanda mahindi yake kila mwaka na huyavuna bila kumwomba mtu ruhusa. Sina kinyongo naye. Hivyo ndivyo inavyofaa. Nimeandika jina lile juu ya ukurasa wa kwanza wa muziki wangu, na wanaoupiga hulisoma na kulitamka wawezavyo. Lakini hakuna tena mtu chini ya jua aliyewahi kuliita jina lile kwa sauti, kutoka ng'ambo ya uwanja, akamwona mwenyewe akigeuka.